Kwa nini Angélique Kidjo hajachuja

Usiku wa tarehe 3 Aprili 2022, huko Las Vegas, mwimbaji wa Benin Angélique Kidjo alitangazwa mshindi wa tuzo yake ya tano ya Grammy. Albamu iliyompa ushindi ilikuwa Mother Nature. Miongoni mwa walioachwa nyuma alikuwamo Wizkid wa Nigeria na Made in Lagos, albamu iliyokuwa imetamba kwa zaidi ya mwaka mzima kila palipopigwa muziki wa Kiafrika. Mitandao ikawaka moto. Vijana wengi, hasa wa Nigeria, wakauliza kwa uchungu: huyu mama ni nani hasa, na nyimbo zake zinapigwa wapi?

Mashabiki wake wa siku nyingi tulitamani kujibu kwa ukali. Lakini ukiliondolea hasira, swali lile ni zuri sana. Kidjo alizaliwa tarehe 14 Julai 1960. Wimbo wake uliotikisa kumbi za dansi, Agolo, ulitoka mwaka 1994, wakati wengi wa vijana wale walikuwa hawajazaliwa. Hajapata tena wimbo wa kuenea kiasi kile. Kwa mwendo wa kawaida wa muziki wa pop alipaswa awe amechuja zamani, awe mtu wa kualikwa kwenye tamasha la kumbukumbu, aimbe ule wimbo mmoja, apigiwe makofi, arudi kwake. Mambo yamekwenda kinyume kabisa. Kati ya Grammy zake tano, nne amezipata akiwa ameshavuka miaka hamsini.

Wanaompenda husema ni kipaji. Wasiompenda husema wazungu ndio wanaombeba. Jibu la kwanza ni kweli ila halifafanui chochote, maana wenye vipaji waliochuja ni wengi kuliko waliobaki. La pili lina chembe ya ukweli, nami nitaifikia. Ninachokisikia mimi katika kazi zake, kuanzia za mwanzo hadi za juzi, ni kwamba Kidjo hakuitegemeza safari yake kwenye wimbo wowote mmoja. Aliitegemeza kwenye swali: zile ngoma zilizovushwa bahari kutoka pwani ya kwao ziliishia wapi, na zikirudi zinakuja na nini? Msanii anayeishi kwa wimbo hungoja bahati ya wimbo mwingine. Mwenye swali la namna hiyo kila akiamka ana kazi ya kufanya.

Kwao ni Ouidah, mji wa pwani ya Benin ambao kwa karne kadhaa ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa za biashara ya watumwa katika Afrika Magharibi. Watu waliopakiwa melini pale walifikishwa Brazil, Haiti, Cuba na kwingineko. Baba yake ni Mfon, mama yake Myoruba. Alipozaliwa nchi ilikuwa bado inaitwa Dahomey, na uhuru ulikuja wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 1 Agosti 1960. Mama yake, Yvonne, aliongoza kundi la maigizo na ngoma, na binti alipanda jukwaani akiwa na miaka sita. Kaka zake walikuwa na bendi. Kwenye nyumba ile alisikilizwa Miriam Makeba, akasikilizwa Bella Bellow wa Togo, wakasikilizwa James Brown, Santana na Jimi Hendrix, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba hawa ni wa huku na wale ni wa kule. Naamini sehemu kubwa ya yaliyofuata imeanzia hapo.

Mwaka 1972 Mathieu Kérékou alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Miaka miwili baadaye akatangaza kwamba nchi inafuata mkondo wa Marx na Lenin, na mwaka 1975 ikabadilishwa jina kuwa Jamhuri ya Watu wa Benin. Wasanii walitarajiwa kuyaimbia mapinduzi. Kidjo alikuwa ameshatoa albamu, Pretty, mwaka 1981, chini ya mtayarishaji Ekambi Brillant wa Kamerun, na alikuwa anajulikana nyumbani na kwa majirani. Mwaka 1983 akatoroka kwenda Paris. Watu husimulia kipande hiki kama hatua ya kwenda kutafuta maisha, lakini tuangalie alichokiacha: nchi iliyolijua jina lake, lugha zake, hadhira iliyoimba naye. Alianza upya akiwa na miaka ishirini na mitatu katika jiji lisilomjua. Alikuwa na wazo la kusomea sheria ili atetee haki za binadamu, kisha muziki ukamshinda nguvu. Akasoma jazi katika chuo cha CIM, akaimba na kundi la Pili Pili lililoongozwa na mpiga kinanda Mholanzi, Jasper van 't Hof, akakutana na Jean Hébrail, mpiga besi na mtunzi ambaye baadaye alikuja kuwa mume wake na mshirika wake wa kutunga.

Halafu akaja Chris Blackwell, mwanzilishi wa Island Records, yule yule aliyemfikisha Bob Marley kwenye masikio ya dunia. Logozo ilitoka mwaka 1991, Manu Dibango na Branford Marsalis wakiwa miongoni mwa wapulizaji wa saksafoni. Kwetu sisi wa Kiswahili albamu hiyo ina jambo la ziada: ndani yake kuna Malaika. Wimbo ule una mgogoro wake mrefu kuhusu nani aliutunga, kati ya Fadhili William, Adam Salim na wengine, na mgogoro huo hautaisha leo. Kidjo aliupokea kutoka kwa Makeba, mwanamke aliyemwonyesha kwamba Mwafrika anaweza kusimama mbele ya dunia bila kuacha lugha yake nyumbani. Anauimba taratibu, bila papara, na ukisikiliza kwa makini utasikia mtu anayeyabeba maneno kwa heshima kuliko anayeyazungumza. Napenda hivyo. Kwa namna ya pekee, ule ndio ufunguo wa msimamo wake kuhusu lugha. Ameimba kwa Kifon, Kiyoruba, Kigen, Kifaransa, Kiingereza, na hata katika miaka ambayo soko la pop lilidai Kiingereza, sehemu kubwa ya nyimbo zake zimebaki katika lugha za nyumbani kwake. Anamwachia msikilizaji afuate sauti kwanza.

Ayé ya mwaka 1994 ndiyo yenye Agolo. Sehemu ya albamu ilirekodiwa London, sehemu nyingine Minneapolis kwenye studio za Prince. Ina mdundo wa fanki na besi nzito, na juu yake waimbaji wanaitikiana kwa mtindo wa kijijini. Wengi waliocheza Agolo hawakujua kwamba ni wimbo unaowasihi watu waitunze ardhi inayotulea. Ninalitaja hili kwa sababu miaka ishirini na saba baadaye aliita albamu yake nzima Mother Nature, na wapo waliosema ameruka kwenye gari la mazingira kwa kuwa ndilo lililokuwa likipita. Hapana. Alikuwa amelipanda siku nyingi.

Enzi hizo lawama zilikuwa nyingine. Wakosoaji kadhaa wa Ulaya walimwona si Mwafrika wa kutosha. Walitaka kora na vibuyu, yeye akawaletea kinanda cha umeme na ngoma za mashine. Lawama hiyo ilijengwa juu ya dhana kwamba Afrika halisi ni ile isiyoguswa, na kwamba fanki ni mali ya Marekani ambayo Mwafrika anaiazima. Mwaka 1995, kwa ajili ya albamu yake Fifa iliyotoka mwaka 1996, yeye na Hébrail walizunguka Benin wakirekodi wapiga ngoma, wapiga filimbi na waimbaji wa asili, kisha wakazichanganya sauti hizo na vyombo vya kisasa, na kwenye wimbo mmoja gitaa likapigwa na Carlos Santana. Aliyetarajia kwamba safari ile ya nyumbani ingemfanya awe wa jadi hakupata alichokitaka.

Kisha ukaja mradi ambao kwangu ndio moyo wa safari yake yote. Kati ya mwaka 1998 na 2004 alitoa albamu tatu: Oremi ikielekea Marekani, Black Ivory Soul ya mwaka 2002 ikielekea Brazil, Oyaya! ikielekea visiwa vya Karibi. Ukizisikia mbalimbali, bila kujua mpango wake, unaweza kumwona kama msanii aliyekosa mwelekeo, leo yuko kwenye soul, kesho kwenye samba, keshokutwa kwenye salsa na calypso. Ziweke pamoja na uifungue ramani. Ni njia za meli. Kila mahali alipokwenda ni mahali walipofikishwa watu wa kwao, na kila mara alikuwa anauliza ni kipi cha nyumbani kimebaki hai pale.

Oremi inafunguliwa na Voodoo Child ya Hendrix. Hebu fikiria mzunguko huo. Dini ya vodun ya Wafon ilivuka Atlantiki kifuani mwa watumwa, ikakita mizizi Haiti na Louisiana, sinema za Marekani zikaigeuza kitisho cha wanasesere na sindano, kijana mweusi wa Seattle akaitaja kwenye wimbo wa roki uliokuja kuwa maarufu dunia nzima, na hatimaye binti wa Ouidah akauchukua wimbo huo. Gitaa, ambalo kwa Hendrix ndilo kila kitu, kwake halitawali tena. Mbele zimekaa sauti za watu zinazoitikiana. Amewarudisha wenyeji ndani ya wimbo uliowataja bila wao kuwepo.

Black Ivory Soul ina tawi lingine la habari hiyo hiyo. Bahia, kaskazini-mashariki mwa Brazil, ibada za Candomblé zimehifadhi miungu, nyimbo na midundo ya Wayoruba na Wafon. Na kuna njia ya kurudi pia: katika karne ya 19 watumwa walioachwa huru walitoka Brazil wakarejea pwani ya Ouidah na Porto-Novo, wakaja na majina ya da Silva na de Souza, na upishi na sherehe za huko. Wazao wao wapo Benin mpaka leo. Kwa hiyo Brazil haikuwa ngeni kwa Kidjo hata kabla hajapanda ndege. Kwenye albamu hiyo alifanya kazi na Carlinhos Brown wa Bahia, na akaimba Refavela ya Gilberto Gil. Gil mwenyewe aliutunga baada ya kufika Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha la sanaa na utamaduni la FESTAC. Mbrazil anakuja Afrika, anarudi kwao na wimbo, kisha Mwafrika anaufuata. Sijui msanii mwingine wa pop wa kizazi chake aliyeifuatilia mizunguko ya namna hii kwa subira kiasi hicho. Oyaya! naipitia haraka kwa sababu, kwa sikio langu, ndiyo dhaifu kati ya tatu: inachezeka, inafurahisha, lakini inagusa mitindo mingi bila kukaa kwenye mmoja.

Hapa ndipo tunaweza kuelewa jambo jingine linalowatatiza watu kuhusu Kidjo, yaani tabia yake ya kurudia albamu za wengine. Mwaka 2018 alirekodi upya Remain in Light yote, albamu ya bendi ya Talking Heads ya New York iliyotoka mwaka 1980. Mwaka mmoja baadaye akatoa Celia, nyimbo za Celia Cruz, mwimbaji wa salsa wa Cuba. Kwa wanamuziki wengi kurudia nyimbo za zamani ni dalili ya kuishiwa. Kwake ilikuwa kazi ile ile ya kufuata njia, safari hii kwa kurudi nyuma.

Talking Heads na mtayarishaji wao Brian Eno waliitengeneza Remain in Light huku masikio yao yakiwa yamejaa muziki wa Fela Kuti wa Nigeria. Hawakuficha. Kidjo alipowasili Paris mwaka 1983 alisikia wimbo mmoja kutoka albamu hiyo kwenye sherehe ya wanafunzi, akasema huu ni muziki wa Afrika. Akaambiwa hapana, hii ni roki. Hakukubali, na miaka thelathini na mitano baadaye alitoa ushahidi wake: akamwita Tony Allen, mpiga ngoma aliyeijenga Afrobeat pamoja na Fela, akaingiza lugha za kwao, akaziweka sauti za kuitikia pale palipokuwa na maneno ya mtu mmoja mwenye wasiwasi wa mjini. Nyimbo zilizokuwa na baridi zikapata joto. David Byrne, aliyeongoza Talking Heads, alijiunga naye jukwaani pale Carnegie Hall mwaka 2017, kabla ya albamu kutoka. Kilichonigusa ni kwamba hakuna mahali anapowashtaki wale waliochota kwa Fela. Anawaonyesha tu kisima kilipo, kisha anachota na yeye.

Celia ina mzizi wa utotoni. Mwaka 1974, akiwa binti mdogo, Kidjo alimwona Celia Cruz akiimba nchini kwao. Mpaka siku hiyo salsa aliyoijua ilikuwa ya wanaume. Mbele yake akasimama mwanamke mweusi akiiongoza bendi kwa sauti yake, akiwataja miungu ya Wayoruba kwa lafudhi ya Cuba. Albamu ya mwaka 2019 inalipa deni hilo. Haikujaribu kuiga salsa. Tony Allen yupo tena kwenye ngoma, na tarumbeta za Gangbé Brass Band ya Benin zinasikika. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora katika kundi hili, na Grammy ya Januari 2020 iliistahili. Siwezi kusema hivyo kuhusu Sings, albamu aliyoirekodi na orkestra ya Luxembourg na kupata nayo Grammy ya mwaka 2016. Nyimbo zile zilikuwa zimesimama zenyewe; vinanda na fidla za orkestra zimezivika nguo zisizozihitaji.

Sasa turudi kwenye zogo la mwaka 2022, maana limefungamana na jambo kubwa kuliko watu wawili. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za rekodi walikutana kwenye baa jijini London wakitafuta namna ya kuzipanga madukani rekodi zisizoingia kwenye rafu za roki, jazi wala pop. Wakakubaliana kuziita muziki wa dunia. Nia ilikuwa ya biashara, na kwa miaka kadhaa iliwasaidia kweli wasanii kupata wanunuzi. Lakini rafu hiyo iliwachanganya watu wasiohusiana kwa lolote isipokuwa kwamba hawatoki Uingereza wala Marekani. Waandaaji wa Grammy waliifuata: walianzisha kipengele cha albamu bora ya muziki wa dunia mwaka 1992, wakakigawa kuwa viwili mwaka 2004, cha jadi na cha kisasa, wakakiunganisha tena mwaka 2012, na mwishoni mwa 2020 wakalibadilisha jina, wakikiri kwamba la zamani lilikuwa na harufu ya ukoloni. Kidjo ameshinda chini ya majina yote matatu: la kisasa mwaka 2008 kwa Djin Djin, la dunia mwaka 2015, 2016 na 2020, na hili jipya mwaka 2022. Majina yamebadilika, mlango ni ule ule.

Ndani ya mlango huo, mwaka 2022, walikuwamo Kidjo, Wizkid, Rocky Dawuni wa Ghana, Femi Kuti na mwanawe Made, na Daniel Ho wa Hawaii na wenzake. Unawashindanishaje? Wapiga kura wa Grammy ni wanachama wa chama cha wanamuziki na watayarishaji. Umma haupigi kura, na idadi ya waliosikiliza au kununua haihesabiwi. Hoja ya "nani alipigwa zaidi", ambayo ndiyo ilitawala mitandaoni, kwenye sanduku la kura haikuwa na nafasi. Hata hivyo wapiga kura ni binadamu. Mpiga gitaa wa Nashville akifika kwenye kipengele chenye sauti za mabara kadhaa, ni rahisi mkono wake kwenda kwenye jina analolijua. Na jina la Kidjo wanalijua, kwa sababu amekuwa akiimba kwenye kumbi zao kwa miongo mitatu. Hapo ndipo ilipo ile chembe ya ukweli niliyoitaja. Mother Nature ni albamu nzuri, yenye nyimbo mbili tatu kali sana, lakini siyo kilele chake, na Made in Lagos ilikuwa imebadilisha kitu katika muziki wa bara letu. Mimi ni shabiki wake na nayasema haya bila kujiona msaliti.

Nisilolikubali ni kwamba mama huyu aliwazibia vijana njia. Mwaka 2019 Burna Boy alimshirikisha kwenye albamu yake African Giant, na Yemi Alade akaichukua Wombo Lombo, wimbo wa Kidjo wa mwaka 1996, akaujenga upya kama Shekere huku Kidjo mwenyewe akiwamo. Mwaka uliofuata Celia iliposhinda mbele ya African Giant, Kidjo alisimama jukwaani akamtolea Burna Boy tuzo ile, akaiambia hadhira ile kwamba kizazi kipya cha Afrika kimefika. Mwaka 2021 Burna Boy akashinda kweli. Kwenye Mother Nature yenyewe wamejaa vijana: Burna Boy, Yemi Alade, Mr Eazi, Sampa the Great. Aliyekuwa anambishia Kidjo kwa niaba ya vijana alikuwa anabishana na mtu aliyekuwa amewafungulia studio. Dawa ya zogo lile ilikuwa kuvunja kile kisanduku, na waandaaji walianza kidogo mwaka 2024 walipoleta kipengele cha wimbo bora wa Kiafrika, akakizindua Tyla wa Afrika Kusini kwa ushindi.

Imebaki habari ya riziki, kwa sababu swali la vijana lilikuwa pia hilo: mtu ambaye nyimbo zake hazichezwi redioni kila saa anaishije miaka arobaini? Anaishi kwa jukwaa. Kampuni za kurekodi zimekuja na kuondoka. Blackwell alijitoa Island mwaka 1997, na Kidjo akahamia Columbia, kisha kwingine na kwingine. Msanii wa chati akipoteza kampuni hupoteza kila kitu. Yeye alikuwa na shoo ambayo watu walikuwa tayari kuifuata bila tangazo la redio. Aliyewahi kumwona anaijua: anashuka jukwaani akiimba katikati ya watu, na kabla ya mwisho jukwaa limejaa watazamaji wanaocheza naye. Sauti yake, nzito, iliyonyooka, yenye nguvu za mtu aliyeanza kuimba kwenye maigizo tangu utotoni, haijapungua kiasi cha kunifanya nimwonee huruma, na hilo siwezi kulisema kuhusu wengi wa rika lake.

Kuna na kazi za kuagizwa. Philip Glass alimtungia muziki wa orkestra kwa mashairi ya Kiyoruba, ukapigwa kwa mara ya kwanza Luxembourg mwaka 2014, na mwaka 2019 akaimba simfoni ya kumi na mbili ya mtunzi huyo huyo huko Los Angeles. Tarehe 11 Novemba 2018, Paris ilipoadhimisha miaka mia moja tangu kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliimba Blewu ya Bella Bellow mbele ya marais, kuwakumbuka askari wa Kiafrika waliokufa kwa ajili ya Ufaransa. Nafasi za namna hiyo hazitolewi kwa kuangalia chati. Zinamwendea mtu ambaye mwaliko wowote atauingiza kwenye kazi aliyokuwa akiifanya tayari. Amekuwa balozi wa UNICEF tangu mwaka 2002, na taasisi yake ya Batonga, iliyoanza mwaka 2006, inasaidia wasichana kusoma. Hizo zingestahili makala yao.

Mwaka 2023 Sweden ilimpa tuzo ya muziki ya Polar. Mmoja wa waliopewa pamoja naye mwaka huo alikuwa Chris Blackwell. Novemba mwaka huo huo akasherehekea miaka arobaini ya kazi ndani ya Royal Albert Hall jijini London, Youssou N'Dour akiwa miongoni mwa wageni wake, na Stonebwoy wa Ghana akiwakilisha rika la watoto wao.

Kwa kijana aliyeuliza mwaka 2022 huyu mama ni nani, ushauri wangu ni kwamba asianze na Mother Nature, wala asianze na Agolo. Aanze na Eve, ya mwaka 2014, iliyompa Grammy ya mwaka 2015. Imepewa jina kwa heshima ya mama yake, na ndani yake zimo kwaya za wanawake wa Benin na za Kenya, zilizorekodiwa huko huko wanakoishi, zikiwa na nguvu kuliko vyombo vyote vilivyoongezwa baadaye studio. Akimaliza, aende kwenye Celia. Kisha Black Ivory Soul, na hiyo aisikilize mara mbili, ya pili akiwa amemsikiliza Gilberto Gil.